Tundu la Pumzi

Alhamisi asubuhi, juu ya meza ya Inspekta kulikuwa na vitu vitatu: kikombe cha chai iliyopoa, faili lenye kurasa nne, na tezo. Tezo ni kile kishoka kidogo chenye bapa lililopinda ambacho wachongaji hulainishia mbao. Hili lilikuwa na mpini uliovikwa ngozi ya rangi ya asali, ukashonwa mshono mmoja ulionyooka kutoka juu hadi chini, na tangu Jumanne lilikuwa limefungiwa kituoni kama kielelezo cha kesi.

Inspekta alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, miwani yake ikining'inia shingoni kwa uzi. Kituoni walimwita Bi Taratibu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Wezi wengi wa mji ule walikamatwa huku wakidhani bado yuko njiani.

Mezani kwake mlangoni, Koplo, mzee aliyebakiza miezi minane astaafu, alikuwa akisoma daftari la malalamiko kwa sauti, kama alivyofanya kila asubuhi. Aliamini kwamba lalamiko lisiposomwa kwa sauti halijapokelewa.

"Mtu wa kwanza, jirani yake anapiga ngoma za redio. Wa pili, mbuzi kala nguo kwenye kamba. Wa tatu, mwenye nyumba ya wageni nyuma ya soko. Mgeni wa chumba namba tano anapika uani kitu kinachonuka kwato zilizoungua. Wageni wawili wameshahama."

"Anapika nini?"

"Hajui, Afande. Akimuuliza, anaambiwa si cha kula."

Inspekta alitikisa kichwa na kurudi kwenye faili. Huko nako mambo hayakuwa haba. Jumatatu ya wiki ile, binti wa miaka ishirini na sita aliingia kwenye karakana ya Mama Mipini, bibi aliyejulikana mji mzima kwa kuvika ngozi mipini ya nyundo, patasi na visu. Binti alikuwa na tezo hilo mkononi. Alisema yeye ni mtoto wa mdogo wake Mama Mipini, yule aliyeondoka nyumbani miaka thelathini na minane iliyopita bila kuaga, na kwamba baba yake amefariki. Hakuomba chochote ila kupokewa na kupewa kiti karakanani ajifunze kazi. Jumanne alikamatwa kwa tuhuma za kujifanya mtu asiye ili apate urithi. Leo saa tisa alasiri faili lilipaswa kwenda kwa mwendesha mashtaka, na mkuu wa kituo alikuwa ameshasema liende.

Aliyemshtaki alikuwa amekaa mbele ya Inspekta, magoti yakicheza. Alikuwa mtoto wa Mama Mipini, mwanamume wa miaka thelathini na mitano aliyekwenda karakanani na tai shingoni, na kwa ajili ya tai hiyo mafundi wote walimwita Meneja. Yeye aliona ni heshima.

"Inspekta, kesi hii imejipika yenyewe. Wewe unapakua tu."

"Mimi huonja kwanza. Hili tezo ni la babu yako kweli?"

"Chuma ni chenyewe. Kina pengo pembeni, mama anakijua. Lakini chuma kinaokotwa, chuma kinauzwa mnadani. Ngozi ndiyo imemuumbua." Meneja alisogeza kiti. "Mama aliinusa mara moja tu. Gundi ya kuchemsha! Ile ya zamani, ya mabaki ya ngozi na mifupa. Na mjomba aligombana na mama kwa ajili ya gundi hiyo hiyo. Yeye alitaka gundi ya kopo, ya kisasa. Mama akasema gundi ni ya kuchemsha, nyingine zote ni ute. Mjomba akaapa hataigusa tena sufuria ile mpaka anaingia kaburini, akachukua tezo la babu, akaenda zake. Sasa nieleze. Aliyeapa kiapo hicho, mpini wake utavikwa kwa gundi hiyo?"

Swali hilo lilimfurahisha Inspekta, kwa maana hapo ndipo kazi yake ilipoanza. Alimshukuru Meneja, akamwambia arudi saa tisa.

Binti aliletwa kutoka mahabusu. Siku mbili za kulala sakafuni hazikumpunguzia kitu. Alikuwa ameshatengeneza mkanda wa askari wa kike uliokuwa umekatika, na askari huyo sasa alimfungulia mlango kama mgeni rasmi.

"Keti, binti. Baba yako alifariki lini?"

"Miaka mitatu iliyopita, mama."

"Mpini huu ulivikwa ngozi na nani?"

Macho ya binti yalikwenda dirishani, yakarudi. "Na mimi."

"Lini?"

"Zamani kidogo."

Inspekta aliinua tezo, akalipitisha chini ya miwani. Ngozi haikuwa na jasho la kiganja, wala doa, wala mkwaruzo. Zamani hiyo, aliona, ilikuwa imelitunza tezo vizuri kupita kiasi. Alimtuma Koplo dukani, na baada ya nusu saa mezani palikuwa na kipande cha mpini wa ufagio chenye urefu wa shibiri moja, ngozi, msasa, sindano mbili, uzi uliopakwa nta, chupa ya gundi nyeupe ya mbao na kopo la gundi ya njano ya mafundi viatu. Ya kuchemsha haikupatikana. Mwenye duka alicheka tu.

"Nivikie mpini huu," alisema Inspekta. "Utatumia gundi ipi?"

Uso wa binti ulibadilika. Aliacha kuwa mtuhumiwa, akawa mtu aliyeulizwa jambo analolipenda.

"Inategemea, mama. Hii nyeupe ina huruma. Ukikosea, unaisogeza ngozi, unairudisha. Lakini lazima uufunge mpini kwa kamba ukeshe, na ukiipaka nyingi mno, ngozi inakauka inakuwa gome. Hii ya kopo haina huruma. Unapaka kwenye ngozi, unapaka kwenye mti, unasubiri mpaka ukigusa hainati kidoleni. Halafu unakutanisha. Zikishakutana zimekutana, hakuna toba."

"Na ya kuchemsha?"

"Hiyo..." Binti alitabasamu kabla hajajizuia. "Hiyo ndiyo harufu ya kwetu. Baba akiichemsha, majirani hufunga madirisha."

"Huichemsha?"

"Alikuwa akiichemsha," binti alisahihisha haraka, akainamia ngozi.

Alichagua nyeupe. Aliupiga mti msasa mpaka ukang'ara, kisha akaufuta vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, kwa sababu gundi ikishika vumbi haishiki mti. Aliikwaruza ngozi upande wa ndani, akapunguza unene wa kingo kwa kisu ili mshono usifanye kibyongo. Akailowesha maji, akaipima mzingo wa mpini, akaikata ikawa pungufu kwa upana wa ukucha. Ngozi yenye maji huvutika, alieleza, ukiikata sawasawa itakuja kulegea kama soksi ya mzee. Koplo, aliyekuwa na soksi za namna hiyo, alijifanya anakagua kopo la gundi ya njano. Alilikagua kwa kidole. Muda si mrefu kidole hicho na daftari la malalamiko vilikuwa kitu kimoja, na askari wa kike alilazimika kuvitenganisha kwa mafuta ya kupikia.

Binti alitoboa matundu kandokando ya kingo mbili, akashona kwa sindano mbili zikipishana. Ulimi ulimtoka pembeni ya mdomo. Kila hatua aliijua, lakini mikono yake ilikuwa bado haijaafikiana na kichwa. Alipomaliza, mshono ulikwenda kushoto, ukajutia, ukarudi kulia.

Inspekta aliuchukua mpini mdogo ule na kuhesabu matundu kwa ncha ya pini. Upande mmoja kumi na mawili, upande wa pili kumi na matatu. Tundu moja, juu kabisa, lilikuwa tupu.

"Hili la ziada la nini?"

"Hilo huachwa wazi, mama."

"Kwa nini?"

"Mimi sijui. Ndivyo inavyofanywa."

Inspekta alilivuta tezo, akahesabu tena polepole. Upande mmoja thelathini, upande wa pili thelathini na moja. La mwisho, chini kidogo ya chuma, lilikuwa tupu. Alivua miwani, akaipangusa, akaivaa, akahesabu mara ya pili. Mshono wa tezo ulikuwa umenyooka kabisa, kila tundu limekaa mahali pake bila kusita. Mkono ulioshona hapa haukuwa mkono ule aliokuwa ameutazama kwa saa nzima.

Ilikuwa saa sita kasoro alipovuka barabara kwenda kwa fundi viatu aliyekaa mkabala na kituo, mtu mwembamba aliyeongea huku misumari imo mdomoni. Inspekta alimwekea mipini yote miwili mapajani.

"Nisomee hii."

Fundi aliitema misumari kiganjani. Huu mdogo aliugeuza mara moja. "Mwanafunzi. Kafundishwa vizuri, hajakomaa." Lile tezo alilishika kwa muda mrefu zaidi, akapitisha kidole gumba juu ya mshono, akafumba macho. "Huyu sasa ni fundi. Mimi sishoni hivi, na nisingependa akae karibu na duka langu mtu anayeshona hivi."

"Gundi?"

Pembeni ya mshono tone dogo la gundi lilikuwa limechungulia nje. Fundi alilowesha kidole kwa mate, akalisugua, likaanza kunata. "Ya kuchemsha. Ukiipa maji inarudi kuwa gundi, ndiyo maana wazee waliipenda. Ngozi ikichakaa unaibandua bila kuumiza mti." Kisha akaweka shavu lake kwenye sehemu nene ya mpini, kama mtu anayempima mtoto homa. "Bado kuna ubaridi. Maji hayajaisha ndani. Hii haina hata wiki, mama."

"Una hakika?"

"Weka shavu wewe mwenyewe."

Inspekta aliweka shavu lake, barabarani, mchana kweupe, mbele ya wauza maji na wapita njia. Palikuwa na ubaridi.

"Na tundu hili la ziada?"

Fundi alihesabu, akahesabu na ule mdogo, kisha akacheka mpaka msumari mmoja ukamdondoka. "Moja zaidi! Wote wawili! Katika miaka thelathini sijaona fundi anayefanya hivi. Aliyewafundisha hawa hajui kuhesabu, na wao wamekubali."

Karakana ya Mama Mipini ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha mawili, na pembeni mwa kuta zote mipini ilisimama kwa mamia ikisubiri zamu. Mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kigoda, bibi wa miaka sitini na sita, mikono minene, kitambaa kichwani, akibana ngozi ya nyundo kati ya magoti. Macho yake yalikuwa mekundu. Alisema ni moshi. Ndani ya chumba hapakuwa na moto.

"Karibu, mwanangu. Umekuja kuniambia amefungwa?"

"Nimekuja kujifunza, mama." Inspekta aliokota mpini wa karibu, akauinua mwangani, akahesabu. Moja zaidi. Akaokota mwingine. Moja zaidi. "Tundu hili la juu mnaliacha la nini?"

"Hilo ni tundu la pumzi," alijibu Mama Mipini, akishangaa kwamba mtu mzima hajui. "Gundi lazima ipumue. Ukiziba kote, unyevu unakosa pa kutokea na ngozi inafanya malengelenge. Baba yetu ndiye aliyeligundua."

"Aliligundua vipi?"

Mama Mipini alisimamisha sindano. Kwa mara ya kwanza siku ile mdomo wake ulikaribia kucheka. "Nikuambie ukweli? Siku ya kwanza alipokosea kuhesabu, mteja akamuuliza. Baba hakuwa mtu wa kukubali kosa. Akasema, hilo ni tundu la pumzi. Ikabidi aliweke kwenye kila mpini mpaka alipokufa. Sisi tulijua, lakini nani angemwambia? Na sasa nikishona bila tundu hilo, sisikii raha."

"Mafundi wengine wanajua?"

"Watajuaje? Liko karibu kabisa na chuma, na nani huhesabu matundu? Ni letu sisi."

"Meneja je?"

"Yule?" Mama Mipini alitazama upande wa ofisi, ambako tai ilionekana kupitia kioo. "Mwanangu nampenda, lakini hajui hata upande wa ngozi unaopakwa gundi."

Inspekta aliona kopo lililo wazi karibu na kigoda, na brashi ndani yake. Aliinama, akanusa. "Mama, hii ni gundi ya kopo."

Mama Mipini alikohoa. Alilisukuma kopo nyuma ya kigoda kwa kisigino, akaona amechelewa.

"Ilikuwa mwaka wa pili baada ya yeye kuondoka. Sufuria yangu ikatoboka, na mteja alikuwa amesimama mlangoni. Nikasema nijaribu siku moja tu." Alishusha sauti. "Ni nzuri. Mungu anisamehe, mwanangu, ni nzuri sana. Unapaka, unasubiri, unabandika, imekwisha. Miaka yote hii naitumia, na kila nikifungua kopo nasema, laiti angekuwepo anicheke."

Inspekta alikaa juu ya rundo la ngozi. Swali lililobaki hakulipenda, lakini aliliuliza.

"Mama, binti huyu ameliacha tundu la pumzi mbele ya macho yangu, kwenye mpini wa ufagio. Hakujua hata maana yake. Wewe ulimwonyesha kazi Jumatatu?"

"Sikumpa hata kiti."

"Basi amefundishwa na mtu wa nyumba hii. Nadhani moyoni ulishalijua hilo Jumatatu. Kwa nini hutaki awe mtoto wa ndugu yako?"

Nyundo ilianguka sakafuni. Mama Mipini hakuiokota. Alijifuta uso kwa kitambaa cha gundi, na gundi ikabaki shavuni.

"Kwa sababu alikuja na kifo mkononi! Nikimpokea yeye, nimemzika mdogo wangu. Akiwa tapeli, basi mdogo wangu yuko mahali fulani, hai, ana kiburi chake, na siku moja atarudi tuendelee kugombana. Nilipomwona na lile tezo nilitaka kumkumbatia, mwanangu. Nilitaka sana. Nikaogopa. Gundi ile ikanipa sababu, nikaishika."

Inspekta alimwacha alie kidogo. Kisha alimwuliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya:

"Gundi ya kuchemsha ikikaa chini ya ngozi, kwenye mpini mnene, huchukua siku ngapi ubaridi kuisha?"

"Tano. Sita, kukiwa na mawingu hivi."

"Tezo hili lina ubaridi bado. Limevikwa mwishoni mwa wiki iliyopita, na limeshonwa na fundi aliyekomaa, kwa mshono ulionyooka, na tundu moja limeachwa. Si binti, mshono wake umepinda. Si wewe, unatumia kopo. Si Meneja."

Mama Mipini alimtazama.

"Kamilisha," alisema.

"Sijamaliza uchunguzi. Vaa viatu, mama. Kuna lalamiko la harufu kituoni kwangu na nahitaji mtaalamu wa kuitambua."

Walikwenda watatu, kwa sababu Meneja alikataa kuachwa, na Inspekta alimtumia Koplo ujumbe amlete binti nyuma ya soko. Nyumba ya wageni ilikuwa na geti la bati na uzio wa matofali. Mwenye nyumba aliwapokea huku amejifunga kanga puani.

"Ni yule wa namba tano, afande. Alikuja Ijumaa na binti yake, mpole, analipa, anasalimia. Lakini sufuria yake! Tangu binti aondoke Jumanne anachemsha tu, halafu anakaa anaitazama barabara."

Walikuwa bado hawajafika uani. Mama Mipini alisimama ghafla katikati ya ukumbi, akainua pua.

"Ni gundi ya ngozi ya ndama," alisema. Akanusa tena. "Ameiacha ikatokota. Haitakiwi kutokota, inatakiwa joto la kuvumilika kidoleni tu, ikitokota inakufa nguvu! Nilimwambia! Tangu ana miaka tisa namwambia, punguza moto, punguza moto, hasikii!"

"Nani, mama?" aliuliza Meneja.

Hakujibiwa. Mama yake, ambaye kwa miaka kumi alikuwa akilalamikia magoti, alikuwa anakimbia.

Na Bi Taratibu naye akakimbia. Koplo, aliyekuwa anaingia getini na binti, aliliona jambo hilo kwa macho yake, na alilisimulia kituoni mpaka siku anastaafu.

Uani, mbele ya jiko la mkaa, mwanamume wa miaka sitini hivi mwenye mvi na mikono minene alikuwa ameinamia sufuria iliyokaa ndani ya sufuria nyingine ya maji. Mwiko ulikuwa mkononi. Aliposikia nyayo aligeuka, na mwiko ukabaki hewani ukidondosha.

"Dada," alisema.

Mama Mipini alivua kiatu.

"Nani alikuruhusu kufa?" Kiatu kilitua begani. "Mimi ndiye mkubwa! Kufa naanza mimi! Miaka thelathini na minane huniandikii, halafu unaniletea msiba kwa mkono wa mtoto?" Kiatu kilitua tena, safari hii mgongoni.

"Dada, sikiliza—"

"Siku tatu nimelia! Macho yangu yaangalie!"

"Nilitaka kujua kama utalia!" mdogo wake alifoka, akijikinga kwa mwiko. "Aliye hai humsamehi, nikasema labda marehemu utamsamehe. Akipokewa mtoto, nitafuata. Nikamwapisha asiseme niko hai. Jumanne hakurudi, Jumatano hakurudi, leo nilikuwa nakuja mwenyewe, nilikuwa nasubiri tu hii ishike—"

"Na lile tezo ukalivika upya!" Inspekta alidakia, akihema.

Mwanamume alimtazama mgeni huyu mfupi mwenye miwani. "Ngozi ya zamani ilikuwa imechakaa, mama. Ningempelekeaje dada yangu mpini uliochakaa?"

"Kiburi," alisema Mama Mipini. "Kiburi tupu. Na uliapa hutaigusa sufuria hii!"

"Niliapa. Mwezi haukuisha nikaanza kuitafuta." Aliutazama mwiko, kisha dada yake, na macho yakamlengalenga. "Kule nilikokuwa hakuna kilichonuka kama nyumbani. Hii ndiyo nyumbani pekee niliyojua kuipika."

Kiatu kilianguka. Mama Mipini alimshika mdogo wake kichwani kwa mikono miwili, akambana kifuani, na wote wawili wakaanza kulia na kucheka kwa pamoja, gundi ikiwaganda nguoni. Alimwambia sikioni jambo ambalo hakuna aliyelisikia, lakini mwanamume aliruka nyuma.

"Ya kopo? Wewe?"

"Punguza sauti."

"Wewe unatumia ya kopo!"

"Nimesema punguza sauti, na upunguze na moto!"

Binti alikuwa amesimama nyuma ya Koplo, hajui aende au abaki. Shangazi yake alimwona. Alimfuata, akamshika mkono, akaugeuza kiganja juu, akavikagua vidole kimoja kimoja kama anayenunua chombo cha kazi. Kisha akambusu kiganja hicho.

"Nisamehe, mwanangu. Nilikuona tangu mlangoni kwamba ni wetu, nikakukana. Kuanzia kesho kiti chako kiko karibu na changu, mshono wako tutaunyoosha."

Meneja alisimama pembeni, mkono kwenye fundo la tai, akionekana kama mtu aliyefika harusini akidhani ni mnada. Mjomba wake alimpungia mwiko.

"Huyu ndiye mpwa wangu? Mbona kavaa hivi? Njoo ukoroge, baba."

Meneja alitazama sufuria. Alitazama suruali yake. Halafu akailegeza tai, akaitia mfukoni, akachukua mwiko.

Saa tisa kamili Inspekta alirudi mezani kwake, nywele zikinuka kwato. Mkuu wa kituo alikuwa amesimama mlangoni akisubiri faili. Inspekta aliketi, akavaa miwani, akaandika mistari miwili kwa mwandiko wake wa taratibu, akamkabidhi.

Mkuu alisoma, akasoma tena, kisha akatoka nje ili asicheke mbele ya askari wake. Ilikuwa imeandikwa: *Marehemu amepatikana akiwa na afya njema. Wakati polisi wanaondoka alikuwa anagombezwa na dada yake, na hatukuona sababu ya kuingilia.*